Umeweka chumvi, bakteria wanakuonyesha maajabu: pa kutafutia kosa

Kila muhula kuna wiki ambayo mlango wa maabara hautulii. Mmoja anaingia na kyuveti mkononi, kile kijichupa cha kupimia ukungu wa bakteria: "Mwalimu, bakteria wamezaliana ndani ya dakika moja." Mwingine ana sahani za petri nyeupe pee, na anataka kuandika kwamba kayabo, yaani samaki wa chumvi, ya soko la Mwaloni haina kijidudu hata kimoja. Wa tatu amepewa E. coli walioondolewa jeni ya kuhimili chumvi, na anashangaa wanakua sawa na wale wazima.

Dalili ni tofauti, ila mzizi karibu wote ni mmoja. Mtu amechukulia kwamba bakteria anaonja chumvi iliyo nje kama sisi tunavyoonja mchuzi kwa ncha ya ulimi. Mambo hayaendi hivyo. Chumvi ikizidi nje, maji yanatoka ndani ya seli kwa sekunde chache, kwa sababu utando wa seli unapitisha maji kwa urahisi na kuizuia chumvi. Seli inasinyaa. Potasiamu, protini na vingine vyote vilivyobaki ndani vinasongamana. Msongamano huo wa ndani ndio unaosomwa na visafirishi, yaani zile protini zilizopandikizwa kwenye utando na zinazoingiza betaini na prolini, molekuli ndogo zisizoidhuru seli, ili maji yarudi.

Kuna mama mmoja anayetia sangara chumvi pale Kirumba ambaye alinifundisha hili bila kujua. Alikuwa amepanga samaki waliopasuliwa, tabaka la samaki, tabaka la chumvi ya mawe, na asubuhi beseni lilikuwa linafurika maji. Nikamwuliza kama chumvi imeshakolea. "Bado, mwanangu. Kwanza anatoa chake, ndiyo anapokea." Usiku wa kwanza ni wa kutoa maji. Bakteria naye huanza hivyohivyo. Tofauti ni kwamba yeye ana mlinzi mlangoni anayechagua nini kiingie baadaye, na chumvi ya nje haimo kwenye orodha.

Basi kabla hujanijia, jiulize maswali matatu: ndani ya seli kumebadilika nini? Kisafirishi kina kitu cha kubeba? Kina nguvu ya kubebea? Ukikwama, tafuta dalili yako hapa chini.

Ukungu wa brothi umepanda papo hapo baada ya chumvi

Hawajazaliana. E. coli mwenye raha zote, kwenye brothi nzuri na nyuzi 37, huhitaji kama dakika 20 kugawanyika mara moja. Ulichokiona ni seli zilizosinyaa. Seli ikipoteza maji, kilichomo ndani kinakuwa kizito na kutawanya mwanga zaidi, hivyo spektrofotometa inasoma namba kubwa wakati idadi ni ileile. Ukikaa na kyuveti yako dakika kadhaa utaona namba inateremka polepole kadiri maji yanavyorudi. Mteremko huo una thamani kuliko namba yenyewe, maana ndio visafirishi vikifanya kazi mbele ya macho yako. Soma kila baada ya sekunde 30, na ukitaka idadi ya kweli, hesabu koloni.

Wamekaa kimya kwa saa nyingi, kisha wakaanza kukua

Hapa hakuna kosa, labda haraka yako tu. Kitu cha kwanza E. coli anachokimbilia ni potasiamu, anayoiingiza kupitia mifumo kama Trk na Kdp ndani ya dakika chache. Kwa kuwa potasiamu ina chaji chanya, anakusanya glutamati yenye chaji hasi ili mizani isivurugike. Hiyo ni huduma ya kwanza. Potasiamu nyingi inasumbua protini, kwa hiyo baadaye anaanza kutengeneza trehalosi, sukari isiyomdhuru, na potasiamu inapunguzwa. Kazi hiyo inakula muda.

Ukitaka kujua kama kimya chao ni cha matengenezo au cha kifo, chukua chupa mbili za M9, brothi ya madini isiyo na dondoo ya hamira, yenye chumvi mola 0.5, yaani gramu 29 kwa lita. Moja iongezee betaini milimola 1, kama gramu 0.12 kwa lita. Yenye betaini ikiondoka mapema na nyingine ikachelewa, bakteria wako ni wazima. Mmoja kapewa mzigo tayari, mwenzake anaufuma mwenyewe. Angalia chupa uliyonunua: betaini hidrokloridi inaongeza tindikali na ni nzito zaidi, gramu 153.6 kwa moli, ilhali betaini tupu ni 117. Sawazisha pH, la sivyo utapima tindikali ukidhani unapima chumvi.

Walioondolewa jeni wanakua sawa na wazima

Hili ndilo linalonirudia mara nyingi kuliko yote, na limewahi kupoteza miezi ya mtu. Sababu zinaweza kuwa tatu, na mara nyingi zinakuja pamoja.

Ya kwanza iko kwenye brothi. LB, brothi ya kila siku ya maabara, ina dondoo ya hamira gramu 5 kwa lita, na hamira ina betaini na kolini. Umemnyima bakteria uwezo wa kutengeneza trehalosi, halafu ukamwekea betaini mezani. Kwa nini ahangaike? Tena LB ya kawaida ina chumvi gramu 10 kwa lita kabla hujagusa mizani. Yaani ile uliyoiita "bila chumvi" tayari ina mola 0.17. Kwa jaribio lolote la kuhimili chumvi, tumia M9 yenye glukosi, na ukuze kianzio chako, yaani bakteria wa kuanzishia, humo tangu jana yake. Kianzio kilicholala kwenye LB kinaingia M9 kikiwa kimeshiba betaini, na seli ikiwa na chumvi nje haiitemi ovyo.

Ya pili: E. coli ana milango miwili ya betaini. ProP kiko tayari kwenye utando wakati wote, kinaendeshwa na protoni, na msongamano wa ndani ukipanda kinawaka bila kusubiri jeni yoyote isomwe. ProU kinaendeshwa na ATP, na jeni zake husomwa kwa wingi pale chumvi inapopanda, hivyo kinachelewa kidogo. Ila kikishakuwepo hakiachi kitu, kinanasa betaini hata ikiwa kidogo mno kwenye maji. Ukitoa kimoja, kingine kinakaimu. Ukitaka kuvitenganisha bila kukata jeni, weka kloramfenikoli kabla ya chumvi. Protini mpya hazitatengenezwa, kwa hiyo betaini itakayoingia mapema itakuwa zaidi ni ya ProP.

Ya tatu ni kolini, na hii inawanasa hata walimu. E. coli anaweza kuigeuza kolini kuwa betaini, lakini anahitaji oksijeni. Chupa inayotikiswa kwenye shekeri itakuonyesha kolini ni dawa; mrija uliojazwa hadi shingoni na kufungwa kizibo utakuonyesha haina faida. Nimeona watu wawili wakibishana hadi chai ikapoa, kila mmoja na grafu yake, na wote walikuwa sahihi. Mmoja alitumia chupa, mwingine mrija.

Chumvi inawazuia, sukari haiwazuii (au kinyume chake)

Kwanza hesabu. Chumvi ikiyeyuka inagawanyika mara mbili, hivyo mola 0.3 ya chumvi inavuta maji karibu sawa na mola 0.55 hadi 0.6 ya sukari. Wengi huweka mola sawa kwa sawa kisha wanasema chumvi ni kali zaidi.

Hesabu ikiwa sawa na tofauti bado ipo, huenda unaona sumu ya sodiamu yenyewe. Ndiyo maana jaribio la chumvi peke yake halijakamilika. Liwekee mwenzake la sukari. Ila chagua sukari kwa akili. E. coli K-12 wa maabara hali sukari ya miwa, kwa hiyo inamfaa. Wa porini, uliowatoa ufukweni Igombe au kwenye karo, wapo wanaoila, na jaribio lako litageuka karamu. Sobitoli nayo K-12 anaila.

Gliseroli iache kabisa kwa kazi hii. Inapenya hadi ndani ya seli, hivyo ndani na nje vinasawazika upesi na hakuna cha kusomwa. Mwanafunzi mmoja aliweka gliseroli nyingi, akaona kimya, akahitimisha visafirishi vimekufa. Visafirishi vilikuwa vizima, vimetulia kwa sababu ndani hakukuwa na msongamano uliodumu.

Umebadilisha sodiamu kwa potasiamu, usafirishaji umezimika

Jibu linategemea umeshika kisafirishi gani. BetP, cha bakteria Corynebacterium glutamicum anayetumika viwandani kutengeneza glutamati, kinahisi potasiamu iliyo ndani kwa mkia wake unaoning'inia upande wa ndani wa utando, lakini nguvu ya kubebea betaini kinaitoa kwenye sodiamu ya nje: sodiamu mbili kwa betaini moja. Kuondoa sodiamu yote ni kama kuiacha boti ya Ukerewe na nahodha mzuri bila mafuta. Kitambuzi kinafanya kazi, ila injini haina cha kuchoma. Rudisha sodiamu kiasi, na kiwango cha msongamano kipandishe kwa kitu kingine.

ProP hakitumii sodiamu kama hivyo. Kikizimika, angalia kama kuna kitu kilichoua mteremko wa protoni, mathalani dawa kama CCCP iliyobaki kwenye pipeti.

Hesabu ya koloni imekuja sifuri

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili nimelifanya mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma, kwenye maabara ambayo sitaitaja, tuliletewa kayabo iliyogeuka nyekundu juu, ile rangi ya waridi ambayo wafanyabiashara huichukia kwa sababu mzigo hushuka bei. Nilikata gramu 10, nikasaga kwenye mililita 90 za maji yaliyotoneshwa, nikazimua mara kumi kumi, nikapaka kwenye agari ya kawaida. Baada ya siku mbili, hakuna kitu. Nyekundu ninaiona kwa macho, sahani hazina. Nikapaka tena, sifuri tena.

Twende na chumvi kwenye mirija. Samaki mwenye chumvi asilimia 20 alileta gramu 2 kwenye mililita 100. Huo ni asilimia 2. Mrija wa pili ukawa asilimia 0.2, wa tatu 0.02. Wale wekundu ni jamaa za Halobacterium, ambao kitaalamu ni akea, si bakteria. Wao hawajishughulishi sana na betaini. Wanajaza ndani potasiamu kloridi kwa kiwango cha kutisha, na protini zao zimezoea maisha hayo. Ukiwatosa kwenye maji matupu wanapasuka. Nilikuwa nimewaua wote kwenye mrija wa kwanza, kisha nikawatafuta kwenye chakula wasichoweza kukila. Niliporudia kwa maji yenye chumvi asilimia 25 na agari yenye chumvi gramu 250 kwa lita, na kuziacha sahani nyuzi 37 ndani ya mfuko wa plastiki zaidi ya wiki, zilijaa vidoa vyekundu kama kaimati iliyonyunyiziwa rangi.

Bakteria wa kawaida wana kinga ambayo hao hawana ya kutosha, nayo ndiyo sehemu tamu ya somo hili. Chukulia E. coli aliyekulia kwenye chumvi. Ndani amejaza potasiamu na betaini. Mvua inanyesha, au wewe unamzimua kwa maji matupu. Maji yanaingia kwa kishindo, shinikizo linapanda, utando unavutika. Visafirishi vya kuingiza havina msaada tena. Kinachotakiwa ni kutoa, na kutoa haraka. Kwenye utando kuna milango ya dharura, MscS na MscL, inayofunguka kwa mvutano wa utando wenyewe bila kusubiri amri ya jeni wala ATP. MscS hufunguka mapema. MscL husubiri mpaka mvutano uwe karibu maradufu ya huo, karibu kabisa na kupasuka, na ikifunguka tundu lake lina upana wa kama nanomita 3. Potasiamu, glutamati, betaini, vyote vinamwagika nje, shinikizo linashuka, mlango unajifunga.

Jeni ya MscL ilipatikana 1994, na umbo la mlango huo, uliotolewa kwa bakteria wa kifua kikuu, likachorwa 1998 na kundi la Douglas Rees huko Marekani. Mwaka 1999 kundi la Ian Booth wa Aberdeen lilionyesha jambo ambalo ni dawa ya dalili nyingine ninayoletewa: "nimetoa MscL, mbona hafi?" Hafi kwa sababu MscS ipo. Inabidi zote mbili zitoke ndipo kuzimua ghafla kumuue. Tena lazima umkuze kwanza kwenye chumvi. Aliyekulia kwenye M9 tupu hana alichojaza ndani, hivyo ukimtosa majini havimbi kiasi cha kupasuka, na wewe unarudi kwangu ukilalamika.

Ziwa letu, Victoria, ni mfano mzuri wa kumweleza mtu wa nyumbani. Maji yake ni mepesi sana, upitishaji wake wa umeme ni karibu mikrosimensi 100 kwa sentimita. Utumboni mwa binadamu ni kama milioosmoli 300. E. coli anayetoka kwenye choo kinachovuja na kuangukia ziwani anapata mshtuko huo kwa kufumba na kufumbua, na milango yake ya dharura ni sehemu ya sababu anafika akiwa hai hadi kwenye ndoo ya mtu.

Tiba ya benchi: kwa sampuli za kawaida zimulia kwa maji yenye chumvi asilimia 0.85 na peptoni asilimia 0.1. Kwa samaki wa chumvi, mrija wa kwanza uwe na chumvi inayokaribia ya samaki, kisha shuka ngazi kwa ngazi. Maji yanayouzwa dukani kwa ajili ya kuongezea betri ya gari usiyatumie kuzimulia, hata kama ni masafi.

Kisafirishi kilichotolewa kwenye seli hakiwaki

Hili ni la wachache, wale wanaokwenda kwenye maabara zenye vifaa vya kusafisha protini, kwa hiyo nitapita haraka. OpuA cha Lactococcus lactis, bakteria wa kugandisha maziwa, kimechunguzwa sana kwa njia hii, hasa na kundi la Bert Poolman wa Groningen, Uholanzi. Ukikiweka kwenye vilengelenge vya mafuta na kisifanye kazi, angalia ATP kwanza: lazima iwe ndani ya kilengelenge, maana huko ndiko injini iliko. Halafu angalia mafuta. Kisafirishi hiki kinasoma ioni za ndani kwa kutumia mvuto kati yake na mafuta yenye chaji hasi. Ioni zikiwa chache, mvuto ni mkali na kimefungwa. Zikizidi, mvuto unalegea na kinawaka. Mafuta yenye chaji hasi yakiwa mengi mno utahitaji chumvi zaidi ndani kukiwasha. Yakipungua mno, swichi inapoteza udhibiti. Na kama umetoa protini kwenye seli zenye molekuli ya AMP mbili za mzunguko (c-di-AMP) kwa wingi, kumbuka hiyo ni breki yake: inajibandika upande wa ndani na kukizuia hata chumvi ikiwa tosha.

Ukiweka sukari nje ya kilengelenge kitawaka vilevile, kwani kilengelenge kinasinyaa na ioni za ndani zinasongamana. Huu ndio ushahidi ninaoupenda kuliko wote kwamba hakionji chumvi ya nje.

Jumatatu yanafanya kazi, Ijumaa hayafanyi

Pima ujazo wa brothi. Chupa iliyofungwa kwa usufi ikakaa siku nne kwenye inkubeta yenye feni inapoteza maji, na chumvi yake inapanda bila mtu kuigusa. Sahani zilizoachwa wazi dirishani nazo hivyohivyo. Andika uzito wa chupa kwa kalamu ya wino mzito siku unayoitengeneza, uipime tena kabla ya kutumia.

Kama uzito haujabadilika, uliza nani alinunua chumvi. Chumvi ya mawe ya sokoni ina kalsiamu na magnesi, na kwenye M9 yenye fosfeti inaleta ukungu ambao spektrofotometa itauhesabu kama bakteria. Nilishaona mtu akipanga grafu nzuri ya ukuaji kwenye chupa ambayo alisahau kuweka bakteria.

Ukipita hapo na bado hujaelewa, njoo na daftari. Grafu iache mezani. Nitakachouliza kwanza ni kianzio kililala kwenye nini usiku wa jana.